Nyumba Yenye Magurudumu Katika Milima ya Montana

Wasikilizaji wetu, na ninyi mtakaoyasoma maneno haya katika kijitabu, kobe husafiri na nyumba yake mgongoni, na kila anapochoka hapo ndipo kwake. Binadamu alimtazama kobe kwa karne nyingi asiweze kumwiga, mpaka motakaa ilipovumbuliwa. Leo twapenda kuwaeleza habari za nyumba iendayo kwa magurudumu, na jinsi watu wanavyosafiri nayo katika nchi ya milima mirefu.

Nchi tuliyoichagua ni hifadhi ya taifa iitwayo Glacier, iliyoko katika jimbo la Montana, kaskazini ya Marekani, mpakani mwa Kanada. Tumeichagua kwa sababu huko mlima humwambia mwenye nyumba ya magurudumu waziwazi: "Hapa utapita, na hapa hutapita." Mtu akizifahamu sababu za amri hiyo, atakuwa amefahamu mambo mengi ya magari, ya wanyama, na ya haki za watu pia.

Kwanza yafaa tujue gari lenyewe. Kwa nje hufanana na basi au lori lenye sanduku kubwa. Ndani mna kitanda, meza, jiko la gesi, sanduku la kuhifadhi vyakula kwa baridi, birika la kunawia na choo kidogo. Sisi tutaliita gari-nyumba. Mwaka wa 1910 kiwanda cha Pierce-Arrow kilionyesha mjini New York motakaa moja ya namna hiyo. Kiti chake cha nyuma kiligeuka kitanda, na beseni la kunawia lilikunjuliwa kutoka mgongoni mwa kiti cha dereva. Hiyo ilikuwa miongoni mwa za kwanza, nayo ilikuwa mali ya matajiri. Baada ya mwaka wa 1960 viwanda vilianza kuyatengeneza kwa wingi, na leo wazee waliokwisha kustaafu, na baba na mama wenye watoto wadogo, huyanunua au huyakodi kwa siku chache. Madogo huwa na urefu wa mita 5 au 6, na makubwa hupita mita 12.

Mwaka huo huo wa 1910, tarehe 11 Mei, Rais William Howard Taft alitia sahihi sheria iliyoianzisha hifadhi ya Glacier. Ukubwa wake ni kama kilometa za mraba 4,100. Ndani yake mna maziwa marefu na membamba, misitu ya misonobari, na vilele vya mawe vyenye theluji. Kilele kimoja kiitwacho Triple Divide ni cha ajabu: maji yatokayo ubavu mmoja huenda Bahari ya Pasifiki, ya ubavu wa pili huishia Ghuba ya Meksiko, na ya ubavu wa tatu huelekea kaskazini mpaka Ghuba ya Hudson. Upande wa Kanada imepakana na hifadhi ya Waterton Lakes, na mwaka wa 1932 serikali mbili zilitangaza kwamba hifadhi hizo ziwe pamoja alama ya amani kati ya mataifa yao.

Sasa twende kwenye barabara. Toka magharibi mpaka mashariki mwa hifadhi imepita barabara moja tu inayokatiza katikati ya milima, jina lake Going-to-the-Sun Road, maana yake Njia ya Kwendea Juani. Urefu wake ni kama kilometa 80. Kazi ya kuijenga ilianza mwaka wa 1921, na ikafunguliwa kwa sherehe tarehe 15 Julai 1933. Mhandisi wa kwanza alitaka kuipandisha mlimani kwa kona kumi na tano za kwenda na kurudi, kama nyoka aliyejikunja. Mwenziwe, Thomas Vint, alipinga, akasema kwamba kona zile zitaliharibu bonde lote kwa macho ya wageni. Shauri lake likashinda: barabara ikachongwa katika ubavu wa mwamba, ikipanda polepole, na kona kubwa ya kurudi nyuma ikawa moja tu. Mteremko wake haukuruhusiwa kuzidi mita 6 kwa kila mita 100 za mwendo. Mawe yalipasuliwa kwa baruti, na matundu mawili yakatobolewa kupita ndani ya mwamba. Watu watatu walipoteza maisha yao katika kazi hiyo.

Pale juu kabisa, mahali paitwapo Logan Pass, ni mita 2,026 juu ya bahari. Msomaji wa Limuru atacheka, maana kwake ni juu zaidi na hajapata kuona theluji mlangoni. Lakini Limuru iko karibu na Ikweta, ambako jua la adhuhuri hupita karibu na utosi mwaka mzima. Montana iko mbali sana kaskazini, na wakati wa baridi jua huko huwa chini, siku huwa fupi, na theluji hujilundika miezi mingi. Upande wa mashariki wa Logan Pass upepo hukusanya theluji nyingi hata kina chake chaweza kupita mita 20. Kwa kawaida mitambo ya kuisukuma huanza kazi mwezi wa Aprili, na barabara yote haifunguliwi mpaka kati ya Juni na Julai. Basi msafiri hana budi kuuliza kabla ya kuondoka, wala asidhani kwamba kalenda yake ndiyo kalenda ya mlima.

Tumesema kwamba huko gari-nyumba hukatazwa. Sheria ni hii: katika sehemu ya juu ya barabara, kutoka kijito cha Avalanche mpaka mahali paitwapo Rising Sun, gari lolote lenye urefu wa zaidi ya mita 6.4, au upana wa zaidi ya mita 2.4, haliruhusiwi kupita. Katika upana huo vioo vya pembeni huhesabiwa, na katika urefu huhesabiwa chuma cha mbele na cha nyuma. Tena gari lenye kimo cha zaidi ya mita 3 laweza kugonga mwamba uliojitokeza juu ya barabara.

Je, sheria hii ni ukali wa bure? Hata kidogo. Tazameni mkokoteni mrefu ukipinda katika kichochoro cha kijiji. Magurudumu ya nyuma hayafuati alama za yale ya mbele. Hukata kona kwa ndani. Kadiri gari linavyokuwa refu, ndivyo linavyozidi kukata. Kwa hiyo dereva wa gari refu, asipotaka kukwaruza mwamba, hulazimika kulitoa gari lake upande wa pili wa barabara, mbele ya wanaokuja. Na mahali pale ubavu mmoja ni ukuta wa jiwe, na ubavu mwingine ni shimo la mamia ya mita. Hapana nafasi ya kugeuza wala ya kupishana kwa fujo. Gari moja likikwama, mamia hukwama nyuma yake, na mgonjwa akiwamo humo msaada haumfikii.

Basi mwenye gari kubwa afanye nini? Njia ziko mbili. Ya kwanza, huliacha gari-nyumba lake kambini, katika bonde, akapanda juu kwa basi au kwa motakaa ndogo. Yako mabasi mekundu yenye turubai ya kukunja juu, yaliyotengenezwa kati ya mwaka 1936 na 1939, ambayo yaliondolewa barabarani mwaka wa 1999 kwa uchakavu, yakafanyizwa upya, yakarudi kazini mwaka wa 2002. Abiria husimama ndani yake gari linaposimama, akatazama vilele bila dari ya kumzuia. Njia ya pili ni kuzunguka kusini mwa hifadhi kwa barabara kuu ipitayo Marias Pass, yenye kimo cha mita 1,589 tu. Hapo ndipo ilipopita reli ya Great Northern mwaka wa 1891, nayo ni njia pana isiyo na ukali. Ni safari ndefu zaidi, lakini wahenga walisema kwamba mwenda pole hajikwai.

Kuzunguka si kumaliza hatari yote, kwa maana mlima wowote una mteremko. Hapa twaomba vijana wanaotamani kuwa madereva wasikilize sana. Mnajua jinsi wazee wetu walivyowasha moto kwa kupekecha kijiti juu ya kijiti. Msuguano huzaa joto. Breki za gari hufanya kazi kwa msuguano huo huo: kitu kigumu hukaza gurudumu, na nguvu yote ya mwendo hugeuka kuwa joto. Gari la tani tano likishuka mita elfu moja, na dereva akawa amekanyaga breki toka juu hata chini, joto hilo halina pa kwenda upesi. Breki hunuka, hutoa moshi, na mafuta yaliyomo katika mabomba yake yaweza kuchemka. Mafuta yakichemka huingia mvuke, na mvuke hubanwa kama mpira. Ndipo dereva atakapokanyaga mpaka chini asipate kitu.

Dawa yake yajulikana, wala haina gharama. Kabla ya kuanza kuteremka, dereva huingiza gia ya chini, ili injini yenyewe ilizuie gari. Kanuni ya zamani husema kwamba gia iliyokupandisha ndiyo ikuteremshe. Breki hukanyagwa kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha huachiliwa ipoe, kisha hukanyagwa tena. Na mtu akisikia harufu ya kuungua, asimame mahali penye nafasi, angoje. Dereva wa lori katika mteremko wa milima yetu ana haja ya kanuni hii sawasawa na mzee wa Kimarekani mwenye gari-nyumba.

Tuingie sasa ndani ya nyumba, tuone jinsi watu wanavyoishi. Chini ya sakafu mna mapipa matatu. La kwanza lina maji safi ya kunywa na kupikia. La pili hupokea maji yaliyooshea vyombo na miili. La tatu hupokea uchafu wa choo. Katika hifadhi ni haramu kumwaga pipa la pili au la tatu porini, hata tone moja. Msafiri huyapeleka mahali maalumu palipojengwa kwa kazi hiyo, akayafungulia katika bomba liendalo kwenye shimo la uchafu. Sababu yake kila mwanakijiji aielewa: maji ya mlimani ndiyo maji ya watu wa bondeni. Familia iliyozoea kufungua bomba bila kuhesabu hujifunza humo kuosha sahani kumi kwa maji ya karai moja, jambo ambalo mama zetu walilijua zamani.

Jiko nalo lina elimu yake. Mahali penye kimo cha mita 2,000 hewa ni nyepesi, na maji huchemka yakiwa hayajafika joto la digrii 100. Huchemka kwa digrii 93 hivi. Kwa hiyo maharagwe hukawia kuiva, hata kama moto ni mkali, na kuongeza kuni au gesi hakusaidii. Husaidia kuyaroweka usiku, au kutumia sufuria yenye kifuniko cha kubana mvuke. Jambo jingine ni la kufa na kupona. Usiku wa baridi kali watu hushawishika kufunga madirisha yote na kuacha jiko likiwaka ili wapate joto. Moto uliokosa hewa ya kutosha hutoa sumu isiyoonekana wala kunuka, na aliyelala huivuta mpaka asiamke tena. Magari-nyumba ya siku hizi hutiwa chombo kidogo kinacholia kikiisikia sumu hiyo. Kwetu, nyumba ya udongo yenye jiko la makaa na mlango uliofungwa haina chombo hicho. Basi tusilale na jiko la makaa ndani, hata kuwe na baridi ya namna gani.

Tumefika kwa wanyama. Katika hifadhi ya Glacier wako mbuzi wa milimani weupe, kondoo wa mwitu, kulungu wakubwa, mbwa mwitu, na dubu wa namna mbili: dubu mweusi, na yule mkubwa aitwaye grizzly. Dubu hana haja ya kumla mtu, lakini pua yake ni kali kupita ya mbwa, na tumbo lake halichagui. Zamani takataka za chakula ziliachwa karibu na nyumba za wageni, na watu walikusanyika usiku kuwatazama dubu wakila. Walifurahi, wasijue kwamba walikuwa wakimfundisha dubu kumkaribia binadamu bila woga. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Agosti 1967, mahali pawili mbalimbali katika hifadhi hiyo, dubu wawili waliwaua wasichana wawili waliokuwa wamelala nje, kila mmoja wa umri wa miaka 19. Tangu hifadhi ilipoanzishwa, kwa muda wa miaka 57, dubu hakuwa amemuua mtu yeyote humo. Ikawa usiku mmoja.

Baada ya msiba huo sheria zilikazwa. Leo mtu akiwa na gari-nyumba, vyakula vyote, sufuria zote, takataka, hata sabuni na dawa ya meno, huwekwa ndani, na madirisha na milango hufungwa. Mwenye hema hutumia sanduku la chuma. Mtu haruhusiwi kumkaribia dubu au mbwa mwitu chini ya mita 91, na wanyama wengine chini ya mita 23. Atembeaye kwa miguu husema kwa sauti ili asimshtue mnyama katika kona, naye hubeba kopo la dawa kali ya pilipili ya kumpulizia dubu amjiaye. Si ukatili kumnyima dubu chakula. Dubu aliyezoea chakula cha watu mwisho wake mara nyingi ni risasi, na hivyo mkono uliomtupia mkate ndio uliomuua.

Liko jambo moja ambalo wasafiri wengi hulipita kwa mwendo wa gari bila kuuliza. Milima hii ilikuwa na wenyewe. Upande wa mashariki ni nchi ya Blackfeet, nao huiita milima hiyo Uti wa Mgongo wa Dunia. Mwaka wa 1895, baada ya nyati wao kwisha na njaa kuwapata, walikubali kuiuzia serikali ya Marekani sehemu ya milimani kwa dola milioni moja na nusu. Katika mapatano yale walijiwekea haki ya kukata miti, kuwinda na kuvua samaki humo, maadamu nchi ile ingali ya umma. Miaka kumi na mitano baadaye ilifanywa hifadhi, na uwindaji ukakatazwa. Serikali ilishikilia kwamba haki zile zimekwisha; Blackfeet walishikilia kwamba hawakuziuza. Neno hilo halikuwaridhisha hata leo.

Nchi waliyobaki nayo imepakana na hifadhi, na gari-nyumba litokalo mashariki hupita katikati yake. Anayetaka kuvua samaki humo hana budi kutwaa kibali cha Blackfeet wenyewe, wala si cha hifadhi. Sisi wa Afrika Mashariki, ambao tumeona nyika na milima ikiwekewa mipaka kwa ajili ya wanyama huku wachungaji wakihamishwa, hatuhitaji kufafanuliwa jambo hili. Hifadhi yaweza kuwa kitu chema, na iliyopatikana kwa njia isiyo safi yaweza kuendelea kudaiwa. Mambo hayo mawili huweza kuwa kweli pamoja.

Mwisho ni habari ya barafu yenyewe, kwa maana neno Glacier maana yake ni mto wa barafu. Theluji ikianguka kila mwaka zaidi ya inavyoyeyuka, hujilundika, ya chini ikabanwa na uzito wa ya juu mpaka ikawa barafu ngumu, nayo huanza kuteremka polepole kama uji mzito, ikichonga mabonde. Hivyo ndivyo mabonde mapana ya Montana yalivyochongwa. Lakini wataalamu waliopima mito 37 ya barafu yenye majina walikuta kwamba kati ya mwaka 1966 na 2015 yote ilipungua, kwa wastani wa asilimia 39. Na mwaka wa 2015 ni 26 tu iliyokuwa bado na ukubwa wa kustahili kuitwa kwa jina hilo. Sababu ni kuongezeka kwa joto la dunia, ambalo moshi wa makaa ya mawe na petroli huliongeza. Wenyeji wa Moshi na Marangu, wanaoiona theluji ya Kibo ikipungua tangu enzi za babu zao, watayafahamu maneno haya upesi. Na mwenye gari-nyumba, ambaye gari lake zito hunywa petroli nyingi ili akaitazame barafu, ana la kufikiri usiku akilala kambini.

Basi tumeona kwamba nyumba yenye magurudumu humpa mtu uhuru mkubwa, lakini mlima humwekea kipimo: kipimo cha urefu wa gari, cha joto la breki, cha maji katika pipa, na cha umbali kati yake na dubu. Walioheshimu vipimo hivyo hurudi kwao wakiwa na mengi ya kusimulia. Kwa yale yatuhusuyo hapa nyumbani, twawaomba myashike matatu: gia ya chini kabla ya mteremko, jiko la makaa nje kabla ya kulala, na takataka za chakula mbali na wanyama wa mwitu. Walimu wakipenda, wawaulize wanafunzi kwa nini maharagwe hukawia kuiva mlimani, na kwa nini Limuru haina theluji.